Hatua Thelathini hadi Kisimani kwa Nyamizi

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Si kwamba nimelisahau. Ni kwamba nchi yenyewe ni nyepesi kukasirika, ina magereza ya kutosha, nami nina mgongo mmoja tu. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina amani, na kila kilichomo kina mhuri.

Mimi ni mtumishi wa umma. Cheo changu ni Mpima Hatua Daraja la Tatu, Idara ya Umbali, Wizara ya Usafi, Heshima na Mambo ya Chini ya Ardhi. Kazi yangu ni kutembea. Naanzia mlangoni mwa choo cha mwananchi, natembea hadi kwenye kisima chake, na nahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba hakuna upendeleo. Hatua zikifika thelathini, natoa cheti. Zisipofika, nakunja uso na kuandika. Watu wa kijiji cha Mfuleni waliniita Bwana Hatua, na siku nilipojengewa kibanda cha ofisi pale kijijini niliona maisha yamenikubali.

Mwaka ule ulikuwa Mwaka wa Choo. Rais wetu aliporudi kutoka safari ya nje alisema redioni kwamba ameona aibu. Hakusema ni aibu ya nini, lakini kesho yake kila mkuu wa wilaya aliamka akiwa anajua. Waraka ukashuka: kila kaya iwe na choo cha shimo ndani ya siku tisini. Asiye na choo hatapewa mbolea, hatafungishwa ndoa, na akifa maiti yake itasubiri mpaka choo kikamilike.

Watu wa Mfuleni si wabishi. Walichimba kwa bidii mpaka mbuzi wakawa wanatumbukia. Na nisiwe mwongo, choo ni kitu chema. Kabla ya hapo watu walikwenda vichakani, na upepo ukivuma kutoka upande wa vichaka ulikuwa huhitaji kuambiwa. Tatizo, kama neno hilo bado linaruhusiwa, lilikuwa viwanja.

Miaka mingi nyuma Serikali iliwahamisha watu wote wa bonde lile na kuwapanga kwa mistari, ili Rais wa wakati huo akipita na ndege aone wananchi wake wamenyooka. Kila kaya ilipewa kiwanja cha hatua ishirini kwa kumi na tano. Ndani ya kiwanja kila mtu alijichimbia kisima, kwa sababu maji ya Mfuleni yako karibu sana: pima nne tu za mchanga mtupu, ukianza asubuhi mchana unakunywa. Sasa katika kiwanja hichohicho ilibidi kiingie na choo. Na Waraka, kifungu cha saba, ulisema kati ya choo na kisima pawe na hatua zisizopungua thelathini.

Hata mtoto wa darasa la pili angeona hesabu hiyo inagoma. Ukianzia kona moja ya kiwanja hadi kona ya mbali kabisa, ukapita juu ya kitanda cha mwenye nyumba, unapata hatua ishirini na tano. Wilaya nzima ilikuwa inaelekea kushindwa, na kwetu kushindwa ni kosa la jinai.

Ndipo alipokuja Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Balagaza, mtu mnene mwenye sauti ya kengele. Alisimama mbele ya wanakijiji akaushika Waraka juu kama anayeuza shuka mnadani.

"Ndugu wananchi," alisema, "Waraka unasema hatua. Nawauliza, hatua hupigwa na nini?"

"Na mguu!" wakajibu.

"Na mguu hupita wapi? Hupita ukutani? Hupita ndani ya mgomba?"

"Hupita njiani!"

"Basi mmejijibu wenyewe. Umbali ni njia! Pale ambapo njia ni fupi, Serikali haikatazi mtu kuirefusha!"

Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia. Wiki hiyohiyo kila kaya iliamriwa kupanda ua wa minyaa kuanzia mlangoni mwa choo, ili njia izunguke nyumba, ipite nyuma ya jiko, ikate kona kwenye banda la kuku, izunguke mgomba mara mbili, na hatimaye ifike kisimani. Kwa kaya nyingi choo na kisima vilikuwa vimepeana migongo, vimetenganishwa na ua wa minyaa na hatua sita za mchanga. Lakini kwa njia, zilikuwa thelathini na ushee. Nilizitembea zote. Nilitoa vyeti mia na arobaini, soli za viatu zikaisha, na nikaandikiwa barua ya pongezi iliyosema Mfuleni ni kijiji cha kwanza nchini kutekeleza Waraka kwa asilimia mia. Nakala zilikwenda mkoani, wizarani na Ikulu. Hakuna aliyefikiria kuyapelekea nakala maji ya chini ya ardhi.

*

Masika yalipoingia, maji yalipanda. Vyoo vikajaa mpaka ukingoni, visima vikajaa mpaka ukingoni, na watu wakafurahi kwamba kamba za ndoo sasa zinatosha. Kisha watoto wakaanza kuharisha. Katika taarifa tuliita hali ile "matumbo ya msimu". Matumbo ya msimu yaliwachukua watoto kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa Masele.

Masele alikuwa mtoto wa Nyamizi, msuka mikeka, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Mumewe alikwenda migodini na hakurudi wala hakutuma salamu. Alikuwa na watoto wawili tu: Masele wa miaka saba na Kabula wa miaka minne. Masele aliugua Jumatatu, na Jumatano tukamzika. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wenzangu, nikanywa chai iliyochemshwa nusunusu kwa maji ya kisima chenye cheti namba sitini na moja, saini yangu. Tumbo lilinisokota siku tatu. Kazini niliandika kwamba niko likizo.

Kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kijiji kizima kiliendelea kumwita Mama Masele. Ofisi ya kata ilituma barua kuelekeza kwamba, kwa kuwa marehemu ameondolewa daftarini, mama husika aitwe Mama Kabula. Niliisoma ile barua, nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Hapo nilikasirika, nakiri.

Wiki chache baadaye Nyamizi alikuja kibandani kwangu. Kabula alikuwa nyuma yake. Mtoto huyo alikuwa na mazoea ya kunifuata popote ninapopima, akinyanyua miguu juu kama mimi na kuhesabu: moja, mbili, tatu, saba, kumi, thelathini! Kwake yeye visima vyote vilifaulu.

"Bwana Hatua, njoo uone kitu," Nyamizi alisema.

"Kuna nini, Mama Masele?"

Alitangulia, nami nikamfuata. Tulifika kwake, akateremsha ndoo kisimani, akaivuta, akaiweka mbele ya viatu vyangu. Maji yalikuwa ya zambarau. Si zambarau ya kukolea, ya kupauka tu, lakini zambarau.

"Juzi ile nilimaliza kupika ukindu," alisema. Akina mama wa Mfuleni hupika ukindu kwenye rangi kabla ya kuusuka, na rangi ya zambarau ndiyo inayopendwa na wanunuzi. "Masalio nikayamwaga chooni, chungu kizima. Leo siku ya tatu. Hayo hapo."

"Labda ndoo yako ina rangi."

"Ndoo ni ya jirani. Chungulia mwenyewe."

Nilichungulia. Niliuona uso wangu chini kule, wa zambarau, na kofia ya Serikali juu yake. Nilitafuta la kusema nikapata lile moja ninalolijua.

"Njia yako ina hatua thelathini na mbili, Mama Masele. Nilizipima mwenyewe."

"Rangi haikupita njiani, Bwana Hatua. Ningeiona ikipita."

Sijui alilisema kwa kejeli au kwa uchovu. Alimtuma Kabula akamtazamie kuku, na mtoto alipokwisha kwenda, sauti yake ikashuka.

"Kama rangi imefika, basi na vingine vinafika. Masele alikuwa anaumwa, mimi namnywesha. Kila alipotapika namwambia, kunywa tena baba, maji ndiyo dawa. Nilimnywesha kwa mkono huu." Alinionyesha mkono wenyewe, vidole vyake bado vina zambarau kwenye kucha. "Mimi sitaki Serikali iniletee kitu. Nimebaki na Kabula. Kifute hicho cheti, basi."

Niwaeleze kwa nini alitaka kifutwe. Juu ya kilima, nyuma ya ofisi za tarafa, kuna chemchemi. Maji yake ni baridi na safi, na yamezungushiwa senyenge kwa matumizi ya watumishi na maua ya ofisi. Kwa mujibu wa kanuni, mwananchi asiye na kisima chenye cheti anaweza kupewa kibali cha kuteka pale ndoo mbili kwa siku. Mwenye cheti hapewi, kwa sababu huyo amekwisha kuhudumiwa.

*

Niliandika taarifa. Niliiandika vizuri, nakala tatu, nikaambatisha chupa ya maji ya zambarau iliyofungwa kwa kizibo. Nikaongeza kwa unyenyekevu kwamba pengine maji yanapita chini, moja kwa moja, bila kuzunguka mgomba. Na kwamba, wakati wakubwa wakilitafakari hilo, pengine wananchi washauriwe kuchemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwelikweli.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Kwa ofisi ile, hizo ni mbio.

"Uchunguzi," yalisema majibu, "umebaini kwamba chanzo cha rangi kisimani ni rangi. Hivyo, kuanzia tarehe ya barua hii, upikaji wa ukindu kwa rangi umepigwa marufuku katika wilaya nzima. Kuhusu pendekezo lako la kuchemsha: maji yenye cheti hayachemshwi. Kuyachemsha ni kukitilia shaka cheti, na unakumbushwa kwamba cheti kina picha ya Mheshimiwa Rais. Chupa uliyoleta haijarudishwa kwa kuwa imemwagikia mafaili."

Askari wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba wakakusanya vyungu vya rangi. Toka siku hiyo mikeka ya Mfuleni ikawa myeupe, wanunuzi wakahamia kijiji cha pili, na maji ya kisima cha Nyamizi yakarudi kuwa meupe pia. Mheshimiwa Balagaza alitangaza mkutanoni kwamba tatizo la maji limekwisha.

Nyamizi alianza kukinga maji ya mvua, lakini paa lake ni la nyasi na yalishuka yakiwa na rangi ya chai. Aliyachuja kwa kanga, akayachemsha kwa siri ndani ya nyumba, moshi ukamtoka dirishani, na mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza anachemsha nini. Alisema anachemsha maharage. Mjumbe akakaa kusubiri maharage.

Kisha mvua zikaisha.

*

Kila mwaka hufanyika ukaguzi wa marudio. Siku moja kabla ya zamu yake, Nyamizi alinikuta nikipaka mafuta viatu.

"Wenzangu wote wanakuomba upige fupi," alisema. "Nawasikia. Mimi naomba upige ndefu."

"Mama Masele, hatua ni hatua."

"Wewe una miguu mirefu, Mungu amekupa. Itumie."

Nimefanya kazi ya Serikali miaka kumi na tisa bila kufanya jambo lolote, na rekodi hiyo si ndogo. Kabula alikuwa amekaa kizingitini, midomo yake imekauka na ina nyufa, kwa sababu mama yake alikuwa akimpimia maji kwa kifuniko cha chupa, yale machache aliyokuwa akiyaomba kwa watumishi wanaoshuka kutoka kilimani. Mtoto alinitazama akaniambia kwamba kesho atahesabu na mimi.

Kesho yake, mbele ya mtendaji wa kijiji na majirani, nilisimama mlangoni mwa choo cha Nyamizi, nikavuta suruali juu, nikaruka. Niliruka kama panzi. Nilizunguka nyumba kwa mirukomiruko, nikapita nyuma ya jiko, kwenye kona ya banda la kuku nikateguka kifundo na sikusimama. Kabula alikuwa nyuma yangu anaruka na kuchekelea. Nilifika kisimani nikihema, na hesabu ilikuwa kumi na tisa. Nikaandika: kumi na tisa, kisima kimeshindwa, cheti kimefutwa. Mhuri uligonga vizuri. Katika utumishi wangu wote, hiyo ndiyo siku pekee ninayoweza kusema nilikwenda kazini.

Nyamizi hakunishukuru kwa maneno. Jioni ile alichukua jembe na karai akakifukia kisima chake, karai baada ya karai, mpaka mdomo ukawa sawa na ardhi. Kisha akakanyagakanyaga.

Kwa siku kumi na moja alipanda kilimani na ndoo mbili, kibali kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Kwa siku kumi na moja Kabula alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Midomo ilipona. Alirudi kunifuata barabarani, na safari hii alikuwa ameongeza namba nyingine: moja, mbili, tatu, saba, kumi, kumi na tisa!

*

Siku ya kumi na mbili gari la Mkuu wa Wilaya lilisimama mbele ya kibanda changu.

"Wilaya yangu," Mheshimiwa Balagaza alisema kabla hajashuka vizuri, "ilikuwa na asilimia mia. Sasa ina asilimia tisini na tisa na vipande. Rais ataniuliza vile vipande vimekwenda wapi. Nimwambie vimekwenda kwa msuka mikeka? Wewe, umeruka?"

"Nimepiga hatua, Mheshimiwa."

"Umeruka. Mtendaji amekuona hewani."

Ilionekana wizara ilikwisha kuliona tatizo la wapima wenye miguu isiyo na nidhamu, na dawa ilikuwa tayari. Iliitwa Hatua ya Taifa. Ni ufito uliopakwa rangi za bendera, ambao urefu wake ni hatua ya Rais mwenyewe, iliyopimwa siku alipokuwa akishuka kwenye ndege. Rais wetu ana miaka themanini na mitatu na magoti yanamsumbua. Hatua ya Taifa ni shibiri mbili.

Tuliilaza Hatua ya Taifa kwenye njia ya Nyamizi, tukaigeuza na kuigeuza, na kutoka choo hadi mahali kilipokuwa kisima zikapatikana hatua hamsini na tatu. Mheshimiwa Balagaza alilipangusa jasho paji lake la uso, na nikamwona akipata wazo. Wazo likimjia yeye huwa linaonekana kwa mbali.

"Hamsini na tatu," alisema. "Hakuna kaya nchini yenye hatua hamsini na tatu. Huyu mama si mkosaji. Huyu mama ni kaya ya mfano!"

Nyamizi aliitwa. Aliambiwa amesamehewa kosa la kufukia kisima cha umma.

"Kilikuwa changu," alisema. "Nilikichimba mwenyewe."

"Na sasa Serikali itakuchimbia!" Mheshimiwa alimshika mkono, akautikisa. "Bure! Na Waziri mwenyewe atakuja kukifungua."

"Baba, sikitaki."

"Unyenyekevu," Mheshimiwa alimwambia katibu wake. "Andika hilo."

"Sikitaki. Naomba mniache na kile kibali changu cha juu. Nina mtoto mmoja. Kile choo kipo palepale, na maji yake ni yaleyale."

"Mama, choo chako kiko hatua hamsini na tatu. Za Taifa." Alimnyang'anya kibali taratibu, kama mtu anayempokea mzigo. "Kaya ya mfano haiwezi kuomba maji kwa watu."

Mimi niliambiwa kwamba nimesamehewa pia, kwa sharti kwamba siku ya ufunguzi nitasimama mbele ya wageni nikiwa na sare safi, nitataja hatua kwa sauti, na nitashika jagi.

*

Kisima kilichimbwa kwa siku mbili, mahali palepale, kwa pima zilezile nne. Juu kilijengewa ukuta wa vigae vyeupe unaofika magotini, kikaezekwa paa dogo la bati la rangi, kikawekewa jiwe la msingi. Choo nacho kilipakwa chokaa, na kwa kuwa mgongo wake ulikuwa karibu, wakautundikia picha ya Rais ili iwe nyuma ya mgeni rasmi kwenye picha za magazeti. Chini ya vigae hakuna aliyeshuka, kwa sababu huko hapapigwi picha.

Tuliambiwa Waziri atafika saa tatu asubuhi. Saa tatu tulikuwa tumepangwa juani: watoto mbele, akina mama nyuma yao, bendi ya tarumbeta pembeni. Kabula alikuwa mbele ya wote. Kamati ya Maandalizi ilimvalisha gauni jeupe na soksi, na kumpa maua ya kumkabidhi mgeni rasmi. Nyamizi alikuwa amechemsha maji usiku, nadhani, kwa maana alikuja na chupa imefungwa ndani ya kanga, na kila nusu saa alijipenyeza mbele kumpa mtoto funda moja. Mara ya pili dada wa itifaki alimwona.

"Mama, chupa haziruhusiwi karibu na mgeni rasmi."

"Ni maji ya mtoto tu, mwanangu."

"Mbona maji yapo?" Akaonyesha kisima. Akaichukua chupa, akaimwaga.

Waziri aliwasili saa nane na robo. Wakati huo watoto watatu walikuwa wameanguka na kubebwa kivulini. Kabula hakuanguka. Alisimama na maua yake yaliyonyauka, analamba midomo, ananitazama mimi na jagi langu.

Waziri alihutubia, itifaki ikiwa imezingatiwa. Alisema kuna nchi ambazo watu wake wanakunywa maji ya mabomba bila kujua yanatoka wapi, na kwamba mwananchi wa Mfuleni ana bahati ya kujua. Alikwenda mbali sana kuhusu utu, akarudi karibu kuhusu uchaguzi. Mezani mbele yake zilipangwa chupa za maji za kutoka mjini, baridi zinatoka jasho, na katibu wake alikuwa amezigeuza ili nembo zisionekane. Nilipoitwa nilitaja hatua hamsini na tatu kwa sauti safi. Wakapiga makofi.

Ndoo ya kwanza ikavutwa. Maji yalikuwa maangavu, sitaki kuyasingizia. Nikajaza jagi, nikamimina kwenye kikombe cha kaure chenye mstari wa dhahabu, nikampa Waziri. Alikinyanyua juu, kamera zikalia. Alikisogeza mdomoni mpaka maji yakagusa masharubu, akasita, akatabasamu.

"Hapana," alisema. "Mimi ni mgeni tu. Mwenye kisima anywe kwanza!"

Na akainama, akampa Kabula.

Nyamizi aliitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Kabula, usinywe! Mwanangu, mwaga!" Lakini bendi ilikuwa imeagizwa ianze pale kikombe kitakapokabidhiwa, na ikaanza. Nilimwona akiwasukuma watu, nikawaona askari wawili wakimshika mabega kwa upole, kama wanavyowashika waliozidiwa. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mnamwona mama, analia kwa furaha! Tumpigie makofi mama!"

Mimi nilikuwa karibu na mtoto kuliko mtu mwingine yeyote. Kati yangu na kile kikombe palikuwa na urefu wa mkono. Ningeweza kujikwaa. Ningeweza kuliangusha jagi miguuni pa Waziri nikalaumiwa kwa uzembe. Niliyafikiria yote hayo kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaza fomu, na huku nafikiria Kabula alikuwa anakunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa bila kupumua, maji yanamtiririka kidevuni hadi kwenye gauni, mpaka kikombe kikawa kimesimama wima juu ya uso wake. Waziri alicheka. Wageni wote wakacheka, na kwa kweli ilikuwa inapendeza kumtazama.

Kisha akanigeukia, akaninyooshea kikombe.

"Bwana Hatua," akasema, "niongeze."

Nikamwongeza.